Foleni ya Malipo: Miaka 11 Katika Hazina ya Kaunti

Kuanzia 2014 hadi katikati ya 2025 nilikuwa mhasibu katika hazina ya serikali moja ya kaunti ambayo sitaitaja jina, nikiondoka nyumbani kwangu Umoja kabla ya jua kuchomoza na kurudi Nairobi usiku. Barua yangu ya ajira iliorodhesha majukumu 14, lakini lililokula muda wangu lilikuwa moja tu, nalo ni kuandaa orodha ya watu waliokuwa wakitudai na kuipanga upya kila Jumatatu kulingana na kiasi cha fedha kilichokuwa benki. Orodha hiyo ilikuwa na safu tano. Nne zilichapishwa: jina la mdai, kiasi, tarehe ya ankara na idara iliyoagiza. Ya tano iliitwa "Maoni", na hiyo iliandikwa kwa penseli kwa sababu ilifutwa na kuandikwa upya mara nyingi. Humo ungekuta maneno kama "ameenda kortini", "mheshimiwa ameuliza", "oksijeni" na "asubiri". Nimeshika mikononi bajeti nyingi zenye majalada ya kung'aa, picha ya gavana na mihuri yote inayotakiwa, lakini kama mtu angeniuliza bajeti yetu halisi ilikuwa wapi, ningemwonyesha safu ile ya penseli.

Wengi hudhani kwamba serikali ikiishiwa hupunguza matumizi, yaani hukaa chini, hukubali kwamba haina, kisha hukata hiki na kukiacha kile. Nilichokiona ni kwamba kupunguza kwa namna hiyo hutokea kwa nadra sana, kwa kuwa kunahitaji mtu asimame mbele ya bunge la kaunti na kutamka kwamba zahanati ya wadi fulani haitajengwa mwaka huu. Kuchelewesha, kwa upande mwingine, hakumtaki mtu yeyote asimame popote. Jina linabaki kwenye orodha, ahadi inabaki kwenye kitabu cha bajeti, na anayelipia pengo ni yule asiye na nguvu ya kupiga kelele. Kwa hiyo, ninaposimulia kazi ile, nasimulia zaidi habari za kungoja kuliko habari za fedha.

Foleni yenyewe huanzia mbali na ofisi yetu. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, ikaagiza kwamba zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na kwamba mgao huo utumwe bila kucheleweshwa. Mgao wa mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, ulikuwa shilingi bilioni 190, na wa 2025/26 umefika bilioni 415. Tarakimu hizo zinapendeza machoni, lakini mgao hauji kwa mkupuo. Huja mwezi baada ya mwezi kwa ratiba, na ratiba hutegemea kodi zilizokusanywa mwezi huo, na kodi hizo zina mdai mwingine aliyetangulia, kwa kuwa deni la taifa hutozwa moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali kabla ya mengine. Makusanyo yakipungua, deni halingoji. Kaunti ndizo hungoja. Nasi tukingoja, tunawangojesha wa chini yetu, nao wanawangojesha wa kwao, mpaka kungoja kule kukafika kwa mtu anayeuza kabichi.

Fedha zilipofika, mishahara ilitangulia kila kitu, na sioni kosa hapo. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Sisi, kama kaunti nyingine nyingi, tulivuka kile kiwango cha kwanza tangu mwanzo, kwani tulirithi wafanyakazi wa zile halmashauri za zamani na wale waliotoka katika wizara zilizogatuliwa mwaka 2013, kisha tukaongeza wetu. Baada ya mishahara yalifuata mambo yenye sauti: mafuta ya ambalensi, umeme, amri za mahakama, na bunge la kaunti, ambalo ndilo lililopitisha makadirio yetu na hivyo halikuwa jambo la busara kuliudhi. Waliobaki ndio waliojaza ile orodha yangu.

Kabla ya hapo, hata hivyo, fedha zilipaswa kutoka. Katiba inasema kwamba hakuna shilingi inayotolewa kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, ambao akaunti yake iko Benki Kuu ya Kenya, mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kaunti isiyo Nairobi hufanyika Nairobi, katika ofisi zake zilizoko Bima House kwenye barabara ya Harambee, ambako nilipajua vizuri kuliko ninavyoijua ofisi ya chifu wa mtaa wangu. Nakumbuka Jumatano moja ya Februari ambapo tulikutana wahasibu wa kaunti nne, kila mmoja na faili lake la boksi magotini, tukiulizana habari za mvua kama watu waliokutana hospitalini. Afisa aliyepokea ombi langu alipindua kurasa polepole, akafika kwenye viambatisho, akaninyanyulia macho.

"Ndugu yangu, orodha ya miradi hii iko wapi?"

Niliitafuta katika boksi, kisha katika mkoba, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeiona mara ya mwisho juu ya mashine ya kunakili ofisini kwetu. Haikuwa karatasi ya kusaidia tu, kwa kuwa bila hiyo asingeweza kujua kama fedha tulizoomba zilikuwa kwa mambo ambayo sheria yetu ya matumizi iliyaruhusu, na kujua hilo ndiyo kazi yake. Aliandika barua fupi ya kurudisha ombi, akaniombea safari njema. Kwa sababu aliyepaswa kutia sahihi upya alikuwa kwenye warsha Mombasa, ombi letu lilichukua siku sita kurudi mezani kwake. Jioni ile ile, nikiwa kwenye matatu Jogoo Road, nilimsikia kiongozi wetu redioni akilalamika kwamba Nairobi inazikalia fedha za wananchi. Nilitazama nje ya dirisha. Tangu siku hiyo, nikisikia kaunti yoyote ikisema fedha zimechelewa, huuliza kwanza zimechelewa katika hatua ipi, kwani hatua ni nyingi na si zote ziko mikononi mwa yule anayelaumiwa.

Miongoni mwa waliokuwa kwenye orodha alikuwa mama mmoja mwenye kibanda katika soko la Wakulima, ambalo Nairobi nzima hulijua kwa jina la Marikiti, aliyekuwa akipeleka mboga katika hospitali yetu moja: kabichi, sukuma wiki, vitunguu, nyanya na karoti. Alipata kandarasi hiyo chini ya ule utaratibu wa kutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali, na aliifurahia sana alipoipata. Nilikuwa nikimfahamu kama mstari wa 63 mpaka Jumamosi moja nilipokwenda sokoni kununua vitunguu, akanitambua kwa kuwa alishawahi kuja ofisini kuulizia.

"Mhasibu, karibu. Leo umenitembelea wewe. Umeniletea nini?"

Sikuwa nimemletea kitu. Alinivutia kreti nikae, akatoa chini ya meza bahasha ya kaki na ndani yake hati ya kuagiza bidhaa, ile ambayo sote huiita LPO. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imechanika kwa kukunjuliwa mbele ya watu wengi, akaigandisha kwa selotepu. Pamoja nayo lilikuwamo daftari la mistari ambamo aliandika kila mzigo aliopeleka, tarehe, kilo, na sahihi ya mpishi aliyepokea. Hesabu yake ilikuwa shilingi 412,000 na ilikuwa na umri wa miezi saba. Laki moja kati ya hizo alikuwa amekopa kwenye chama chake cha kuweka na kukopeshana kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hivyo hata kama tungemlipa siku hiyo, kiasi cha kutosha kingekuwa kimeshaliwa na riba. Nilimweleza habari za mgao kuchelewa, nikitumia maneno yale yale tuliyowaandikia madiwani. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawa, mimi umeniambia serikali haina pesa, nami nimesikia. Sasa mimi nikawaambie nini watu wa Kinangop? Lori la kabichi hulipwa kabla halijashushwa."

Aliacha kupeleka mboga wiki mbili baadaye. Jikoni kule hospitalini waliendelea na kilichokuwapo stoo, na wagonjwa walikula ugali kwa maharagwe siku tisa mfululizo, jambo ambalo halikuonekana katika ripoti yoyote niliyowahi kuiandika, kwa sababu kwenye vitabu vyetu matumizi ya chakula cha wagonjwa hayakuwa yamepunguzwa hata senti. Hivyo ndivyo kukata kwa kuchelewesha kunavyofanya kazi: kifungu kipo, kimeidhinishwa, kimechapishwa, na sahani haina mboga.

Zabuni ilipotangazwa mwaka uliofuata, waliojitokeza walikuwa wachache, na bei zao zilinifanya nisome mara mbili. Kabichi iliyokuwa ikiuzwa shilingi 40 Marikiti ilitajwa kwa 75. Kamati ya zabuni ilianza kuzungumzia ulafi wa wafanyabiashara, nami nikanyamaza, ingawa nilipaswa kusema kwamba zile 35 za juu zilikuwa ni sisi wenyewe. Mfanyabiashara aliyekwisha kujua kwamba atalipwa baada ya miezi minane huweka miezi hiyo minane ndani ya bei, na hivyo kaunti inayodhani imejiokoa kwa kutolipa huwa imekopa kwa riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuitoza hadharani. Waliobaki kwenye mchezo si wale wenye bidhaa nzuri bali wenye mifuko mirefu, au wenye mtu wa kuwaandikia "mheshimiwa ameuliza" kwenye safu ya tano. Mama wa Marikiti hakuomba tena.

Swali nililokuwa nikijiuliza usiku ni hili: kama tulijua kiasi cha fedha kitakachokuja, kwa nini tuliagiza vitu kupita kiasi hicho? Jibu lake limekaa katika kisanduku kimoja cha jedwali, na kisanduku hicho nilikuwa nikikijaza mimi.

Sheria inataka makadirio yafike bunge la kaunti ifikapo 30 Aprili na yapitishwe kabla ya 30 Juni, kwa hiyo kila Aprili idara zote huleta maombi yao, na kila Aprili jumla ya maombi huzidi mapato. Mwaka mmoja tulizidi kwa shilingi milioni 420. Tulikuwa chumbani watu saba, chai imepoa, na mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata miradi, na kila mradi ulikuwa na diwani wake na wadi yake. Ya pili ilitoka kinywani mwa mkubwa wetu bila hata kuinua sauti.

"Mapato ya ndani mmeweka ngapi?"

Nilimtajia. Akasema, "Hayo ni ya chini sana. Tukijipanga tunaweza kufika mbali zaidi." Kila mtu mle chumbani alijua kwamba mwaka uliotangulia tulikusanya zaidi kidogo tu ya nusu ya lengo, na kwamba hakukuwa na mpango wowote mpya wa kukusanya zaidi. Hakuna aliyesema. Nilibofya kwenye mstari wa ada za maegesho nikaongeza, kisha vibali vya biashara, kisha kodi ya ardhi, kisha ada za masoko, mpaka ile tofauti iliyokuwa nyekundu chini ya jedwali ikawa sifuri. Zoezi zima halikufika dakika kumi. Milioni 420 ambazo hazikuwapo zikawa zimezaliwa, na kila aliyekuwa na mradi akaenda nyumbani na mradi wake.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelalamikia tabia hii ya kukadiria mapato ya ndani kupita uwezo mwaka baada ya mwaka, na si kwa kaunti moja wala mbili. Ni kweli kwamba kukusanya kwenyewe ni kugumu. Hata Nairobi, mji mkuu, kwa takriban miongo minne ilitoza kodi ya ardhi kwa kutumia daftari la uthamini la mwaka 1980, kana kwamba kiwanja cha Upper Hill bado kina thamani ya enzi zile. Lakini ugumu wa kukusanya ni sababu ya kukadiria kidogo, si kingi. Kibaya ni kwamba namba ile ya kubuni haikubaki kwenye karatasi. Kwa msingi wake idara zilitoa LPO, na kwa msingi wa LPO wanakandarasi walichimba mitaro, walileta mabati, waliajiri vibarua. Kenya tumezoea kusema "wafanyakazi hewa". Kwetu fedha ndizo zilizokuwa hewa, na wafanyakazi walikuwa wa kweli, wenye njaa ya kweli ifikapo saa saba mchana.

Ndipo namkumbuka mzee mmoja katika kikao cha maoni ya umma, ndani ya ukumbi wa kanisa uliokuwa na viti vya plastiki na watu wasiozidi 60. Nilikuwa nimesoma makadirio ya wadi yao, pamoja na zahanati ambayo ujenzi wake ulikuwa umefika kwenye lenta ukasimama. Aliinua mkono, akasimama kwa kuegemea fimbo.

"Kijana, zahanati hii ilisomwa hapa mwaka juzi, ikasomwa mwaka jana, na leo umeisoma tena, tena kwa sauti nzuri. Mimi sitaki kubishana na kitabu chako. Nataka kujua ile karatasi mnayoitumia mkiamua nani alipwe. Hiyo ndiyo ningependa kusomewa."

Karatasi aliyoiulizia ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye kiti, hatua mbili kutoka niliposimama. Nilimjibu kwa kueleza mzunguko wa bajeti, mpango wa maendeleo wa mwaka unaowasilishwa Septemba, taarifa ya sera ya fedha ya Februari, na nafasi ya mwananchi katika kila hatua. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Alikaa chini kabla sijamaliza, na mwenyekiti akamwita msemaji mwingine.

Madeni yaliyokusanyika kwa njia hii yalifikia mahali Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akafanya ukaguzi maalumu wa yale yaliyokuwapo hadi 30 Juni 2018. Kaunti zilitaja madeni ya bilioni 88.98, na kati ya hayo ya bilioni 51.28 ndiyo yaliyoonekana kustahili kulipwa. Yaliyobaki yalikosa hati za kuyathibitisha. Nilikaa katika kamati yetu ya kukusanya hati hizo, na nilitoka humo nikiwa siamini tena kwamba karatasi na ukweli ni ndugu wa karibu. Kulikuwa na kalvati ambazo nimepita juu yake kwa gari mara nyingi, lakini cheti cha ukaguzi kilipotea wakati ofisi ikihama, na aliyezijenga akawa hastahili. Kulikuwa pia na faili moja safi ajabu, lenye kila sahihi na kila muhuri, la uchongaji wa barabara ambayo wakazi wa pale hawakuwahi kuona tingatinga. Kila serikali mpya ilipoingia baada ya uchaguzi iliunda kamati ya kuhakiki madeni ya iliyotangulia, na tuseme ukweli, mara nyingi uhakiki ulikuwa jina jingine la kuyarudisha nyuma ya foleni. Kufikia Juni 2024 madeni ya kaunti zote yalikuwa yamepita bilioni 180.

Mwaka 2020 ulinifundisha jambo tofauti kidogo, kwamba foleni inaweza kusimama kwa sababu ambayo haina uhusiano na kuwapo kwa fedha. Seneti ilishindwa kikao baada ya kikao kukubaliana juu ya fomula ya kugawa mapato, kwani kaunti zenye watu wengi na zile zenye eneo kubwa na watu wachache zilikuwa na maslahi yanayokinzana, na kila mapendekezo yalikuwa na washindi na washindwa. Muafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba, siku ambayo kaunti zilikuwa zimetangaza kuanza kufunga shughuli, na hata hapo ulipatikana kwa sababu iliahidiwa kwamba fomula mpya itaanza mwaka uliofuata pamoja na nyongeza ya mgao kutoka bilioni 316.5 hadi 370, ili asiwepo atakayepokea pungufu. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha ilikuwa karibu kuisha, na ilikuwa ni mwaka wa korona. Ninachokumbuka zaidi ni simu za vibarua waliokuwa wakiosha wodi kule hospitalini, waliokuwa wakiniuliza maana ya neno fomula.

Halafu ikaja 2024. Tulikuwa tumepitisha bajeti kwa msingi wa mgao wa taifa wa bilioni 400.1, Mswada wa Fedha ukaangushwa na maandamano ya Juni, Rais akakataa kuutia sahihi, na mapato yaliyotarajiwa kutoka humo yakapotea. Bunge la Taifa lilitaka mgao ushuke hadi bilioni 380, Seneti ikashikilia 400, na upatanishi ukaishia kwenye bilioni 387.425 mwaka wa fedha ukiwa umefika mbali. Sina haja ya kueleza bajeti ya ziada ilivyoandaliwa. Nitasema tu kwamba safari na warsha zilipunguzwa kwa maneno makali na tarakimu ndogo, na dawa kwa maneno machache na tarakimu kubwa.

Sikuwa nje ya foleni hiyo mimi mwenyewe, ingawa kwa miaka mingi nilijidanganya hivyo. Fedha zilipokuwa chache mno kulipa mishahara yote, tulilipa kile mfanyakazi anachokipokea mkononi na kuyaacha makato: pensheni, mikopo ya benki, michango ya sakosi. Kwenye hati ya mshahara yalionekana yamekatwa, ila hayakuwa yamefika popote. Nilikuwa nimekopa kwenye sakosi yetu ili nilipie kiwanja, na asubuhi moja nikapigiwa simu na wadhamini wangu wawili, wote walimu, wakiniambia kwa upole wa kutisha kwamba wameandikiwa barua ya kutakiwa kulipa deni langu. Niliwaonyesha hati zangu za mshahara za miezi mitano, kila moja ikiwa na makato. Mmoja aliniuliza ni nani katika kaunti anayeamua makato yatumwe lini. Nilimwambia ni kamati. Sikumwambia kwamba mstari wa sakosi ulikuwa kwenye orodha yangu, na kwamba mbele yake, kwa mwandiko wangu wa penseli, nilikuwa nimeandika "asubiri".

Kuna wakati tulijaribu kufanya tofauti. Alikuja afisa mkuu mpya wa fedha, mwanamke asiyependa mikutano, akaagiza orodha ichapishwe yote, ipangwe kwa tarehe ya ankara, aliyetangulia alipwe kwanza, na nakala ibandikwe ubaoni karibu na lango. Wiki ya kwanza watu walijazana wakijitafuta kwa kidole. Simu zilipungua kwa namna ambayo sikuitarajia: mtu aliyejua kwamba yuko nambari 140 na kwamba wiki hii wamelipwa 12 aliweza kupiga hesabu yake mwenyewe, na akaenda kuzungumza na wadai wake akiwa na la kusema. Mpango ulidumu miezi mitano. Uliangushwa, kwa haki kabisa, na oksijeni, kwa kuwa msambazaji wake alikuwa mbali kwenye orodha na alitishia kuacha kuleta mitungi, na hakuna mtu mwenye akili timamu angesema alipwe kwanza aliyechapisha kalenda kwa sababu ankara yake ni ya Machi. Akaruka foleni, tukakubali. Wiki iliyofuata akaruka mwingine, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na hospitali, na wiki ya tatu karatasi haikubandikwa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mengine yote. Siamini kwamba tarehe peke yake ingetosha, kwani serikali isiyoweza kumtanguliza mgonjwa si serikali. Lakini yule afisa mkuu aliwahi kupendekeza kwamba anayerukishwa foleni aandikiwe sababu kwa wino, na aliyeamua atie sahihi mbele ya sababu hiyo, kisha karatasi ibandikwe na marukio yake yote. Pendekezo hilo lilijadiliwa kwa nusu saa, likapelekwa kwa kamati ndogo, na sijui kama kamati hiyo iliwahi kuketi. Nadhani wote tulielewa kwamba oksijeni ingetiwa sahihi bila tabu, na kwamba mistari mingine mingi isingepata wa kuitia.

Nilipoondoka mwaka jana nilimkabidhi kijana aliyechukua nafasi yangu faili, nywila za IFMIS, ule mfumo wa serikali wa kusimamia fedha kwa kompyuta, zilizohitaji kubadilishwa, na ile orodha. Aliisoma safu kwa safu, akafika ya mwisho akauliza kwa nini haikuchapishwa kama nyingine. Nilimpa penseli na kifutio.

Mama wa Marikiti yupo bado, na huwa napita kwake Jumamosi. Deni lake tulilimaliza baada ya miezi 19, kwa mafungu matatu. Haulizi tena habari za kaunti, nami sizianzishi. Jumamosi iliyopita alinipimia vitunguu kilo mbili na nyanya, akataja bei, nikamlipa kwa M-Pesa huku nikimwambia nimeshatuma. Alitabasamu, akaushika mfuko kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, akangoja mpaka ujumbe ulipoingia, ndipo akanipa.